Nilikopa Dunguni, Nikalipa Harusini

"Lugha moja imemshinda, sasa anataka sita!"

Maneno hayo aliyasema baba yangu mdogo, Apolinari, tena mbele ya watu, siku ya kupura mpunga kwetu Idete, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Siku ile naikumbuka mpaka harufu ya pumba zake, mwanangu. Nilikuwa nimejaribu kumwamkia jirani yetu mmoja, bibi wa Kipogoro, kwa lugha yake mwenyewe. Nikakwama kwenye neno la kwanza kama lori kwenye tope la Kivukoni. Mdomo wazi, macho yamenitoka, neno halitoki wala halirudi.

Baba mdogo akaweka ungo chini ili aseme vizuri. "Vale," akaniambia, "una kigugumizi kwa Kingoni. Una kigugumizi kwa Kiswahili. Ukijifunza na Kipogoro utakuwa umeongeza tu mahali pa kukwama."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami ningecheka, kama maneno yale yasingekuwa juu yangu.

Hakuwa peke yake. Mwalimu aliyenipima nilipoomba kwenda kusomea ualimu alisema akili ninazo, ila mwalimu asiyeweza kutamka ni kengele isiyo na ulimi. Akanirudisha nyumbani. Mzee mmoja wa pale kivukoni aliyezoea kunivusha alikuwa akiniambia, "Anza kutaja unakokwenda sasa hivi, kijana, ili tukifika ng'ambo uwe umemaliza."

Basi sikiliza. Leo naandika haya nikiwa na lugha nane kinywani na stashahada ukutani. Iko kwenye fremu ya mninga, mkabala na mlango, na nimeitundika hapo makusudi. Sikurithi lugha hizo, wala hakuna mjomba aliyenishika mkono kunipeleka chuoni. Wapo watakaosema mzee anajisifu. Waache waseme. Kuku akitaga yai moja kijiji kizima kinasikia, nami nisitaje nane?

Lakini sitaki uanze kuitazama stashahada. Anza na dungu.

Ninyi mliokulia mjini pengine hamlijui. Dungu ni kichanja kirefu cha miti kinachosimamishwa katikati ya shamba la mpunga. Mpunga ukianza kutia punje, kwelea hushuka kama wingu, na wingu hilo likitua kwako huna mavuno. Kwa hiyo unapanda dunguni alfajiri, teo la kurushia mawe mkononi na kamba ya makopo mguuni, unapiga kelele mpaka jua lizame. Kazi hiyo tunaiita kuwinga ndege. Vijana wenzangu waliichukia. Mimi, niliyekataliwa ualimu na kurudishwa shambani, nilipewa dungu la baba mdogo msimu mzima.

Bondeni kwetu mashamba yalipakana bila kuulizana kabila. Upande wa mawio alikuwa Bibi Redempta, yule niliyeshindwa kumwamkia. Alikuwa mjane wa Kipogoro aliyevuka mto kutoka upande wa Lupiro, akiishi na mjukuu wake Benedikta. Upande wa machweo alikuwa Fundi Mwakatobe, Mnyakyusa. Useremala ndio uliomleta Ifakara, mpunga ndio uliomzuia kuondoka. Na kule chini, penye maji, alikuwa Mzee Matimbwa, Mndamba, ambaye shamba lake hasa lilikuwa mto. Mpunga aliupanda, nadhani, ili apate mahali pa kukaa akingojea nyavu.

Watu hawa walipiga soga kutwa kutoka dungu hadi dungu, kila mmoja akiwatishia ndege kwa lugha ya kwao. Mimi nilinyamaza na kupiga makopo yangu.

Siku moja kwelea wakatua kwa Bibi Redempta naye ameinama anafunga kamba iliyokatika, hawaoni. Nilisimama. Sikufikiri. Nilijaza kifua upepo nikarusha lile neno alilokuwa akilipiga yeye mwenyewe kila siku, la Kipogoro, la kufukuza ndege. Likatoka zima. Likavuka shamba lote, ndege wakainuka.

Bibi akanyoosha mgongo. "Nani Mpogoro huyo?" akauliza kwa lugha yake.

"Ni mimi, Bibi, mtani wako!" nikamjibu kwa lugha hiyo hiyo. Nalo likatoka zima.

Nilikaa juu ya kichanja changu, makopo nimeyasahau. Nilikuwa nimegundua mambo mawili, na hakuna daktari aliyewahi kuniambia. La kwanza, ulimi wangu ulikuwa unawaogopa watu wa karibu. Nikimrushia mtu neno kutoka mbali, ulimi unasahau hofu yake. La pili ni kubwa zaidi. Kiswahili changu na Kingoni changu vilikuwa vimejaa vicheko vya watu, kila neno nililotaka kulitumia lilikuwa limekwisha kuchekwa. Kipogoro changu kilikuwa kichache lakini kilikuwa kipya.

Hapo ndipo ulipoanza mchezo wangu, na mchezo huo sijauacha mpaka leo. Wenzangu walicheza bao, wengine walitega ndege, mimi niliwinda maneno. Sikumuuliza mtu hata mara moja, "Kitu hiki mnakiitaje?" Ukiuliza hivyo unapewa neno lililokufa, kama kambale wa kukaushwa. Linaliwa, lakini haliogelei. Nilingoja neno likiwa hai: Bibi anamkaripia Benedikta, Mzee Matimbwa anaulaani wavu uliochanika, Fundi anaimba akinoa shoka. Nikilipata nalizungusha mdomoni mpaka jioni. Kesho yake narusha.

Tena nikaona jambo. Mpogoro akisema *muntu*, Mngoni husema *mundu*, Mnyakyusa *umundu*, nasi kwa Kiswahili tunasema mtu. Nikakaa dunguni nikicheka peke yangu. Lugha hizi ni watoto wa tumbo moja! Mmoja kavaa kofia, mwingine kavua viatu, sura ni ile ile. Nikaanza kubashiri. Nikishalijua neno kwa Kipogoro, nakisia litakavyokuwa kwa Kinyakyusa, kisha namrushia Fundi. Nikipatia, anagonga kopo. Nikikosea, anajilaza chali dunguni akicheka, kisha ananirudishia neno lenyewe pole pole, kama mtu anayerudisha mpira kwa mtoto. Miaka mingi baadaye, chuoni, profesa mmoja alituandikia ubaoni jambo hilo hilo kama siri kubwa. Nikamwambia, "Hayo niliyajua juu ya miti, na ndege wakinisumbua."

Na utani ulinisaidia sana. Wazee wetu Wangoni na Wapogoro walipigana zamani, na vita vilipokwisha vikaacha utani. Mtani wako anaweza kukuita jina lolote baya, akachukua kuku wako, akalala mlangoni kwako siku ya harusi kama maiti, na huna ruhusa ya kukasirika. Kazi yako ni kumjibu kwa baya zaidi. Ukimkasirikia mtani wewe ndiye mwenye kosa, na ukinyamaza umemvunjia heshima. Kwa hiyo Bibi Redempta alinifundisha matusi kabla ya sala. Asubuhi ananirushia moja, mchana namrudishia limeongezwa chumvi. Hakuna shule ya lugha iliyo bora kuliko kutukanwa na mtu anayekupenda.

Mavuno yalipokwisha nilikuwa na Kipogoro kizima, Kindamba cha kutosha kununulia samaki, na Kinyakyusa ambacho Fundi alisema kina harufu ya Idete lakini kinalika. Basi nikavimba. Nikawa naenda sokoni Ifakara nasimama pembeni, namrushia huyu salamu ya kwao, yule salamu ya kwao, watu wanageuka, wanashangaa, mimi nachanua kama tausi. Nikishashangaliwa naondoka.

Bibi Redempta alikuwa amenipa kikapu cha pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa ukatwangwa, mtamu kuliko vyote. Kwetu kikapu cha jirani hakirudi kitupu. Nilipomrudishia nilitia kambale wawili wakubwa. Akawatazama, akawageuza, akawaweka kando.

"Kikapu umekirudisha," akasema. "Na maneno yangu je?"

Nikacheka. "Bibi, maneno yanarudishwaje?"

Hakucheka. Alivuta kigoda akaketi, na mtani wangu yule mwenye matusi elfu akasema nami kwa upole kama anayemsemesha mgonjwa.

"Mjukuu wangu, nimekusikia sokoni. Unaokota maneno yetu kama mtoto anavyookota kokoto. Anazijaza mfukoni, anazitikisa ili watu wasikie mlio. Kokoto zikilia ndiyo nini? Umekula kwangu msimu mzima, umekula kwa Matimbwa, umekula kwa Fundi. Neno hulipwa siku unapolisema kwa ajili ya asiyeweza kulisema. Mpaka siku hiyo, wewe ni mdeni wetu, hata ukijua lugha za ndege."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Mwanangu, mtu akikutukana hasira huisha njiani. Mtu akikwambia kweli, unafika nayo kitandani.

Mwaka uliofuata niliomba ualimu tena. Mwalimu yule yule akanipa kitabu nimsomee. Nikamwambia kwa ishara, "Tafadhali, nenda usimame kule, ng'ambo ya uwanja." Alishangaa, lakini akaenda. Nikamfanya kuwa Bibi Redempta. Nikajaza kifua nikamsomea ukurasa mzima bila kukwama, mpaka watoto wa shule wakatoa vichwa madirishani. Nikapokelewa. Kutoka huko nikaendelea mpaka chuo kikubwa cha ng'ambo ya Ziwa, na kila bweni nililolala niliondoka na lugha ya mtu.

Kabla sijaondoka, Fundi Mwakatobe aliniita. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Alikuwa akichonga mwimo wa mlango, na aliendelea kuchonga akisema nami kwa Kinyakyusa.

"Kijana, mwanangu Ambakisye amempenda yule binti wa jirani yetu, Benedikta. Siku ya kuoa, ndugu zangu watakuja kutoka Tukuyu. Kiswahili chao ni cha kununulia chumvi tu. Desturi za huku hawazijui. Bwana harusi kwetu hafungui mdomo mbele ya baba zake, na mimi sidhani kama nitakuwepo. Siku hiyo wewe ndiye mdomo wangu."

Nilitaka kusema maneno mengi. Likatoka moja. "*Ndaga*," nikamwambia, yaani asante. Naye akanigusa bega na mkono wenye vumbi la mbao. Nilipokuwa chuoni nikapata habari kwamba amefariki.

Nikarudi na stashahada karibu na mwisho wa miaka ile ya hamsini. Niliteremka kwenye lori pale Ifakara na suti ya kijivu na sanduku la bati lililojaa vitabu. Baba mdogo Apolinari alikuja kunipokea. Alinizunguka kama anayekagua ng'ombe.

"Karibu, Mzungu wetu! Sasa unakwama na kwa Kiingereza?"

"Shi-shi-shi..." Nilitaka kusema shikamoo.

"Naam, naona safari ilikuwa ndefu bure!" akacheka, akajitwisha sanduku langu kichwani, na njia nzima ya Idete akawa anamtangazia kila tuliyekutana naye kwamba stashahada imefika ila ulimi bado uko nyuma na lori jingine. Na kweli, kigugumizi cha karibu kilikuwa hakijaniacha. Jioni ile ile nikaambiwa kwamba wiki hiyo Ambakisye anamwoa Benedikta, na wazee wa Tukuyu wamekwisha kufika.

Siku ya kukabidhi mahari, uani kwa Bibi Redempta palijaa. Wageni walikaa upande mmoja. Walikuja kwa lori kupitia Iringa na Kidatu, wakiwa na majembe mapya na mablanketi. Kiongozi wao, kaka mkubwa wa marehemu Fundi, alikuwa mzee mrefu aliyejitanda nguo nyeusi, mwenye uso wa mtu asiyecheka bila sababu. Upande wa pili walikaa ndugu wa Bibi kutoka Lupiro, na walikuwa wamemwonya: "Leo ni wageni wa mbali. Ushike ulimi wako, usitutie aibu." Mzee Matimbwa alikuwepo na samaki wake wa kitoweo. Ambakisye alikaa ameinamisha kichwa, kama inavyompasa bwana harusi. Mshenga alijua Kiswahili tu.

Mambo yakaenda vizuri mpaka ilipoamriwa binti atolewe nje. Mlango ukafunguliwa. Kizingitini pamelala mtu amefunikwa shuka jeupe kuanzia utosi hadi nyayo.

Alikuwa baba mdogo Apolinari, mtani wa nyumba ile.

"Hapiti mtu!" maiti akapaza sauti kutoka ndani ya shuka. "Binti huyu ni mtumwa wetu! Babu zetu walimteka bibi yake vitani, tena walimteka kwa makosa, walikuwa wanamtaka mbuzi! Nyinyi wageni mmepewa mtumwa, mvivu, kupika hajui, anakula kama kiboko! Rudini kwenu na majembe yenu!"

Sisi wa bondeni tulikwisha kuvuta pumzi kungojea jibu la Bibi Redempta. Jibu halikuja. Bibi alikuwa ameuma midomo. Aliwatazama ndugu zake, akatazama chini.

Wageni Kiswahili chao kilikuwa kidogo, lakini neno mtumwa walilijua. Yule mzee akainuka taratibu. "Ambakisye," akasema kwa Kinyakyusa, "huyu anasema nini?"

"Ni mzaha, baba," akajibu kijana kwa sauti ndogo.

"Mzaha? Mbona mwenye binti hacheki? Mbona hakani? Mtu huitwa mtumwa mbele ya watu akanyamaza?" Akawageukia wenzake. "Mdogo wangu amezikwa ugenini, na sasa mwanawe anapewa mtumwa. Kusanyeni majembe."

Wakaanza kukusanya. Nilisikia vyuma vikigongana. Ndani ya nyumba, nyuma ya maiti yule aliyekuwa bado anajisifia vita vya mababu, nilimwona Benedikta amesimama na kitambaa chake kipya cha kichwa, macho yamejaa. Majembe yale yakitoka uani hayatarudi tena. Mshenga akawa anasema kwa Kiswahili, "Tulieni, tulieni," na hakuna aliyetulia. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hapa ulimi mmoja ulikuwa umejikwaa, mwingine umefungwa, na wangu umekwama.

Nikasimama. "Wa-wa-wa..." nikaanza.

"Lori limekwama!" akapiga kelele baba mdogo chini ya shuka.

Nikageuka nikaondoka. Nilisikia mtu akisema, "Msomi anakimbia." Nikapita kinu, nikapita banda la kuku, nikafika mwisho kabisa wa uwanja, penye mabua. Hapo nikageuka. Kati yangu na watu palikuwa na upana kama wa shamba. Nikajaza kifua.

"Baba zangu, ngojeni!" nikarusha kwa Kinyakyusa. "Mimi ni mdomo wa Mwakatobe!"

Majembe yakanyamaza. Yule mzee akageuka na nguo yake nyeusi, akanitafuta kwa macho. Tangu aingie bondeni, nadhani, hakuwa amesikia lugha ya kwao kwa mtu asiyekuwa wa kwao.

"Mdogo wako alinipa lugha hii dunguni, na akanipa na kazi ya leo. Mtu aliyelala mlangoni si adui. Ni baba yangu mdogo, na ni mtani wa nyumba hii. Mababu zao walipigana, wakachoka, wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo watapigana kwa maneno tu. Asiye na mtani huku ni maskini. Huyu amelala pale kwa sababu anampenda binti huyu. Angekuwa hampendi, angebaki kwake!"

"Mbona mwenye binti hajibu?" mzee akaniuliza kwa nguvu, naye sasa anarusha kama mimi.

Nikabadili lugha. "Bibi Redempta!" nikamrushia kwa Kipogoro. "Mtani amelala mlangoni kwako nawe umenyamaza! Wageni wanadhani kasema kweli! Mjibu!"

"Mbele ya wageni, mjukuu wangu?"

"Mbele ya wageni hasa!"

Bibi akainuka. Aliwatazama ndugu zake wa Lupiro mara moja tu, akauchukua ungo uliojaa pumba, akaenda mlangoni akammwagia maiti kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kisha akafungua kinywa. Mwanangu, kila alichokisema nilikidaka kwa Kipogoro nikakirusha kwa Kinyakyusa, bila kikwazo, kama mtu anayepokezana matofali.

"Anasema babu zake huyu walikuja kuteka watu wakatekwa na mbu!"

Mgeni mmoja akaziba mdomo.

"Anasema Wangoni walipokimbia walisahau ngao zao, na Bibi huyu anafunikia chungu cha maharage mpaka leo!"

Wawili wakacheka.

"Anasema maiti huyu asipoamka sasa hivi, anamzika, lakini ardhi ya Idete ni nzuri na hataki kuiharibu!"

Mzee Matimbwa naye akashindwa kujizuia, akadakia kwa Kindamba, "Waambie mtoni nako tulimkataa, samaki waligoma!" Nikamdaka naye nikamrusha. Yule mzee wa nguo nyeusi mabega yakaanza kutikisika. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka kicheko kikubwa mpaka akamshikilia mwenzake aliyekuwa karibu. Akachagua jembe moja katika yale waliyoyakusanya, akaenda nalo mpaka mlangoni.

"Mwambie," akanirushia, "maiti wa kwetu hulima. Achukue jembe hili ainuke."

Nikasema. Ua mzima ukalipuka. Maiti akafufuka na pumba kichwani, akapokea jembe kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya mgeni kwa adabu kabisa, na Benedikta akapita juu ya shuka lake akatoka nje kwenye vigelegele.

Mzee Matimbwa, kama mwenyeji wa bonde, akasimama kuwabariki wageni kwa Kindamba, akauombea mto uwarudishe salama kila watakapokuja kumwona binti yao. Nikazipeleka baraka zake neno kwa neno. Mzee wa Tukuyu akajibu, nami nikamletea Matimbwa majibu. Wazee wawili wasiojuana lugha wakashikana mikono na hawakuachiana mpaka chakula kikaja.

Baba mdogo Apolinari alinijia anajipangusa pumba masikioni. Alisimama karibu yangu, karibu kabisa, akasema kwa Kingoni, taratibu, "Vale. Bila wewe, utani wangu ungevunja ndoa ya watu. Maneno yote hayo umeyatoa wapi?"

"La kwanza ulinipa wewe, baba mdogo, siku ile ya kupura mpunga," nikamjibu kwa Kingoni. "Ndilo nililoanzia."

Nilikuwa nimekwisha kulisema ndipo nilipotambua kwamba nimesema na mtu wa karibu, tena yeye, na sikukwama. Naye alitambua. Alinitazama, akaondoka akaenda kuwatangazia wageni kwamba mwenye stashahada yule ni mwanawe. Hawakumwelewa. Akaniita nikawatafsirie, na niliwatafsiria kwa furaha, tena nikaongeza.

Jioni Bibi Redempta alinipitia na kikapu chake mkononi, kikapu kile kile. Alikigeuza kikaangalia chini, akakitikisa. "Kimerudi," akasema, "na hakikurudi kitupu." Na yule mzee mrefu, akiagana nami, akaniwekea mkono begani, pale pale alipowahi kuniwekea mdogo wake, akasema, "*Ndaga*, mdomo wa Mwakatobe."

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na nakupa wazi. Jifunze lugha za watu. Jifunze kwa mchezo, kwa kucheka, kwa kukosea. Usingoje shule ikuite wala usingoje ulimi wako unyooke. Ya jirani yako ianze, ndipo uifuate ya mbali. Watakaosema huwezi watakuwepo, tena wengine watatoka nyumbani kwenu. Waache waseme, wewe jaza kifua. Lakini usiokote maneno kama kokoto za kutikisa mfukoni. Kila neno ulilonalo lina mwenyewe, na mahali fulani yuko mtu aliyeshindwa kusema, analingojea. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikopa dunguni, nikawalipa harusini, siku moja, wadai wangu wote, pamoja na yule aliyekuwa kaburini.

Mungu akupe sikio la kuwinda na kifua cha kurushia. Akupe watani watakaokutukana kwa mapenzi. Na kikapu chochote utakachopewa duniani, akujalie ukirudishe kimejaa.